Chombo cha Windsor: nakala njema na kasoro yake

Kwenye kasri la Windsor, ambalo limekuwa makazi ya wafalme wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 900, kuna chombo kikubwa cha shaba ambacho hakikutengenezwa kubeba kitu chochote. Ni pambo. Tena ni nakala, au tuseme kama tunavyosema sisi kwenye foleni ya karatasi: ni kopi. Orijino yake ni ya marumaru, inaitwa Warwick Vase, na iko Glasgow, Scotland.

Mtu atauliza: sasa bwana, sisi wa kambini na chombo cha mfalme wapi na wapi? Nijibu mapema, ushahidi utafuata. Katika kambi nyingi, kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tunapanga mezani vikapu, vigoda, ngoma na vinyago tulivyotengeneza huku ugenini. Maneno yanayofuata tunayajua. Wazee wanasema, "Hii siyo yenyewe, ni ya kuiga tu." Wageni wa mashirika nao wanauliza, "Hiki ni cha asili kweli?" Kijana aliyekesha akichonga anabaki kimya, anaangalia miguu yake. Chombo cha Windsor kinaweza kumsaidia kujibu. Kinaweza pia kumwonya, kwa sababu kina kasoro moja ambayo sisi hatuna ruhusa ya kuirudia.

Nimekitazama kwa picha, kama tunavyotazama sehemu kubwa ya dunia. Lakini picha zipo nyingi, na habari zake zimeandikwa sana. Inatosha kuanzia.

Hiyo inayoitwa orijino

Karibu na Roma, mahali paitwapo Tivoli, Kaisari Hadrian alijenga makazi makubwa ya kupumzikia katika karne ya 2 baada ya Kristo. Utawala ukapita. Majengo yakaanguka, na sehemu moja ya chini ikageuka kinamasi. Miaka ya 1770 ilipokuwa inaanza, mchoraji mmoja Mskoti, Gavin Hamilton, aliyekuwa akifanya pia biashara ya vitu vya kale, alikausha kinamasi kile na kuchimba. Ndani ya tope vikatoka vipande vya marumaru: kichwa hapa, kipande cha mkono wa chombo pale, majani ya mzabibu.

Angalia neno hilo, vipande. Chombo hakikutoka kizima. Aliyevinunua alikuwa Hamilton mwingine, Sir William Hamilton, balozi wa Uingereza kule Naples. Huyu aliagiza jiwe jipya la marumaru kutoka Carrara, likachongwa umbo la bakuli kubwa, kisha vipande vya kale vikagandishwa juu yake. Palipokosekana kipande, pakachongwa kipya. Giovanni Battista Piranesi, mchoraji mashuhuri aliyefanya kazi Roma, alihusika katika ukarabati huo, na picha za chombo alizozichapisha mwaka 1778 ndizo zilizokitangaza Ulaya.

Kwa hiyo tuelewane vizuri. Mwili wa hicho tunachokiita orijino ni wa karne ya 18. Ngozi peke yake ndiyo ya kale, nayo ina viraka. Kukiwekwa kando sifa zote, huyu ni mtu aliyetolewa kwenye kifusi, akatiwa mifupa mipya.

Sir William alitaka British Museum, makumbusho makubwa ya taifa kule London, wakinunue. Hawakununua. Kikaenda kwa mpwa wake, George Greville, Earl wa Warwick, ambaye alikiweka kwenye ngome yake na kukijengea nyumba ya vioo ili baridi ya kwao isikiharibu. Hapo ndipo kilipopata jina. Halikuwa jina la fundi, wala la mji kilikochongwa, wala la kinamasi kilikolala zaidi ya miaka elfu moja. Kilipewa jina la mwenyeji aliyekipokea. Wangapi kati yetu tunatambulishwa hivyohivyo, kwa jina la kambi?

Mwaka 1978 chombo kiliuzwa. Mnunuzi alikuwa Metropolitan Museum ya New York. Lakini kitu cha namna hiyo hakitoki Uingereza bila kibali, na kibali hakikutolewa. Fedha zikatafutwa, na mwaka 1979 kikaenda Glasgow, kwenye makumbusho ya Burrell, ambako kipo mpaka leo. Msomaji ambaye amewahi kuomba ruhusa ya kutoka kambini siku moja tu, kumwona mgonjwa, atacheka kidogo hapa. Kumbe hata jiwe linanyimwa hati ya kusafiri.

Lakini sababu yake haifanani na yetu. Sisi tunazuiwa kwa kuwa si wa hapo. Chombo kilizuiwa kwa kuwa kimeshakuwa wa hapo. Kitu kilichovunjika Italia, kikaokotwa Italia, kikatiwa mwili wa jiwe la Italia, baada ya miaka 200 ya kukaa ugenini kimehesabiwa kuwa urithi wa Uingereza. Sisemi kwa hasira. Nataka tu tuone kwamba neno "asili" halikai ndani ya jiwe. Linatolewa na mwenye nyumba na mwenye mhuri.

Jinsi kopi ilivyozaliwa

Earl wa Warwick aliruhusu watu wengi waje kukitazama chombo, lakini hakutaka kinakiliwe kwa ukubwa wake wote. Mwishowe alikubali ombi la tajiri mwenzake, Lord Lonsdale, aliyetaka kukimimina kwa fedha tupu. Kalibu zikatengenezwa. Halafu Lonsdale akabadili mawazo, mradi wa fedha ukafa. Hata hivyo nakala mbili za shaba za ukubwa uleule zilimiminwa: moja iko Cambridge, nyingine ndiyo hii ya Windsor.

Asiyejua kazi ya kalibu akamwangalie fundi wa sufuria za kumimina, wale wanaoyeyusha vipande vya injini na alumini chakavu kwenye miji yetu ya Maziwa Makuu. Fundi anachukua sufuria ya mfano, anaizungushia mchanga laini ndani ya kisanduku, anaushindilia mpaka ushike umbo, kisha anaitoa sufuria polepole. Panabaki uwazi. Humo ndimo anamomimina alumini ya moto. Ikipoa, sufuria mpya imezaliwa, sawasawa na mama yake. Na kama mama ana kibonyeo ubavuni, watoto wote watazaliwa na kibonyeo. Tukikumbuke hicho kibonyeo, tutakirudia mbele.

Cha Windsor ni shaba iliyochanganywa na bati, kama ile tunayoitaja tukisema medali ya shaba. Mtu wa Katanga na mtu wa Maniema hawahitaji kuelezwa zaidi: mmoja ameikanyaga shaba ardhini kwao, mwingine amewaona wachimbaji wa kasiterite, ambayo ndani yake hutolewa bati.

Kizuri chake

Sasa tukitazame kama kazi ya sanaa, tusikihukumu kwa cheti cha kuzaliwa.

Umbo lake ni la bakuli kubwa lenye mdomo mpana, la aina ambayo Wagiriki wa kale walitumia kuchanganyia divai na maji kabla ya kugawia wageni. Mikono yake miwili ni mashina ya mzabibu yaliyosokotana. Yanaanzia chini, yanapanda, yanakunja, halafu yakifika mdomoni yanatawanyika kuwa majani na vichala vya zabibu kuzunguka ukingo wote. Chini yake kuna ngozi za chui zilizotandikwa, na juu yake vimepangwa vichwa vya wafuasi wa Bacchus, mungu wao wa divai: wazee wenye ndevu, nyuso zilizolegea, watu wa karamu. Kila anayewahi kuhudumu kwenye harusi anazijua hizo nyuso. Ni saa nane za usiku, mtungi umekaribia kuisha, na hakuna anayetaka kwenda nyumbani.

Kwenye marumaru, ile mikono ya mzabibu inatia wasiwasi. Jiwe halipendi kuwa jembamba na kusimama peke yake hewani, likigongwa, linakatika. Kwa nini basi fundi wa Kirumi alichonga jiwe kwa umbo linalolitesa jiwe? Kwa sababu vyombo vikubwa vya marumaru vya namna hii viliiga vyombo vya metali. Mzabibu uliosokotwa ni lugha ya mfua metali. Yaani hata kile cha Hadrian, siku ile kilipokuwa kipya na kizima, kilikuwa kinaiga.

Ukishajua hivyo, nakala ya Windsor inaonekana kwa jicho jingine. Umbo lililokopwa kutoka kwenye metali likakaa karne nyingi ndani ya jiwe, hapa limerudi kwenye metali. Mashina yale yanasimama bila hofu. Majani yana ukingo mkali. Shaba imeiva rangi ya giza, na mwanga unashika pale tu panapojitokeza, kwenye pua, kwenye ndevu, kwenye mgongo wa zabibu, kingine chote kinarudi kivulini. Kwangu mimi hizo nyuso zinapendeza zaidi zikiwa hivi. Marumaru nyeupe inawafanya waonekane wameoga na kutulia. Shaba inawaacha usiku, kwenye karamu yao.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa kijana wetu liko hapa. Kopi inaweza kujua jambo ambalo orijino imelisahau. Mtu anayechonga kigoda cha kwao kwa kukumbuka, kwa mti mwingine, kwa kisu kingine, halazimiki kuomba msamaha. Atazamwe kazi yake. Kigoda kinakaliwa au hakikaliwi? Mstari umesimama au umelegea? Hayo ndiyo maswali ya mhakiki. Swali la cheti liulizwe baadaye.

Na kopi inatunza. Sir William huyohuyo aliwahi kumiliki chombo kingine cha Kirumi, cha kioo, kinachoitwa Portland Vase. Fundi wa vyungu Josiah Wedgwood alihangaika miaka kukiiga, akafanikiwa karibu na mwaka 1790. Mwaka 1845 mtu mmoja aliingia British Museum na kukivunja kabisa hicho cha kioo. Kikagandishwa upya, lakini katika siku hizo za vipande, umbo lake zima lilikuwa likionekana kwenye nakala za Wedgwood. Kitu chenye kopi hakifi mara moja. Sisi tulioacha nyumba zikiungua hatuhitaji darasa juu ya hilo.

Warwick Vase nayo imezaa sana. Kama umewahi kutazama tenisi ya Australian Open kwenye simu ya rafiki, ukamwona Novak Djokovic akiinua kikombe kile kikubwa cha wanaume, umeshamwona mjukuu wake: kikombe kile kilitengenezwa kwa kufuata chombo hiki. Mamilioni ya watu wanalijua umbo ambalo hawajui lilitoka kwenye tope la Tivoli.

Kibaya chake

Sasa turudi kwenye kibonyeo cha sufuria.

Kalibu haina macho. Ilipozungushiwa chombo cha Warwick, ilishika kila kitu kwa heshima ileile: kipande cha karne ya 2 na kiraka cha karne ya 18, uso uliochongwa na Mrumi na uso uliochongwa na fundi wa Sir William kujaza pengo. Kwenye marumaru, mtaalamu akisogea karibu bado anaweza kuonyesha kwa kidole, hapa jiwe la kale, hapa jipya, hapa pameungwa. Kwenye shaba hakuna anayeweza. Vyote vimemiminwa kwa shaba, vyote vina umri mmoja na ngozi moja. Mivunjiko imekwisha. Tope limekwisha. Anayepita mbele yake anaona chombo ambacho hakijawahi kupatwa na lolote.

Hiyo ndiyo kasoro yake, na mimi naiita kubwa. Simlaumu aliyekinakili, namlaumu kwa kuunakili uongo mpaka ukawa laini. Chombo cha Warwick kina historia ya kuvunjwa, kuzikwa, kuokotwa, kuungwa na kuhamishwa. Nakala imechukua matokeo, ikaacha safari.

Na mahali penyewe panafanya kasoro hiyo ionekane zaidi. Kasri la Windsor lenyewe ni nyumba ya viraka. Mfalme George wa Nne alilijenga upya sehemu kubwa katika miaka ya 1820, akimtumia Jeffry Wyatville. Tarehe 20 Novemba 1992 likaungua. Vyumba zaidi ya 100 viliharibika, na kazi ya kulirudisha ikachukua miaka mitano. Paa la ukumbi wa Mtakatifu George lilipoungua hawakutengeneza kopi ya lile lililokuwepo. Walijenga jipya la mbao za mwaloni, la mtindo wa kale lakini la mchoro wa siku zao, na mgeni akiingia anaelezwa wazi: hapa paliungua, hapa ni papya. Hakuna aliyepunguziwa heshima kwa kuambiwa ukweli. Kasri linasimulia moto wake, na chombo kilichomo hakisimulii kitu.

Tusifanye hivyo

Kuna kisa cha karibu na sisi. Mwezi Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa akiwa na kinyago cha Kakuungu, cha watu wa Suku, kilichokuwa kimekaa miaka mingi Ubelgiji. Akakikabidhi kwenye makumbusho ya taifa. Wengi walipiga makofi, na mimi ningepiga pia. Lakini lilikuwepo neno dogo kwenye karatasi: kilitolewa kwa mkopo usio na kikomo. Orijino ya Kongo imerudi Kongo ikiwa imekopeshwa. Kiweke kisa hicho pembeni ya chombo kilichonyimwa kibali cha kwenda New York, utaona nilichosema kuhusu mwenye mhuri.

Sisi hatuna mhuri wala makumbusho. Tulivyo navyo ni mikono na kumbukumbu, na hivyo kazi yetu kubwa ni kunakili. Tunasuka vikapu vya nyumbani kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye mifuko ya chakula. Tunatengeneza ngoma kwa chochote kilichopo. Mama anafundisha ususi wa kwao kwa binti ambaye hajawahi kukanyaga huko kwao. Hizo zote ni kopi, na nyingi ni nzuri. Hapa sitabembeleza mtu: nyingine ni mbaya. Nimeona vinyago vilivyochongwa haraka kwa ajili ya mgeni mwenye kamera, na jina "utamaduni wa asili" haliviokoi. Kikapu kilicholegea kimelegea, hata kama aliyekisuka amepitia mateso.

Hatari ninayoiogopa ni ile ya Windsor. Siku ya maonyesho tunaandika kwenye kikaratasi "kikapu cha asili", basi. Ile nyuzi ya mfuko tunaificha upande wa ndani, tunaipaka rangi ili isionekane. Mgeni anafurahi, anapiga picha, anaenda. Na mtoto aliyesimama pale anajifunza kwamba kikapu kimeshuka hivyo kutoka kwa mababu, hakijapatwa na lolote. Miaka 30 ijayo atakuwa na umbo mkononi, na hatajua kwamba bibi yake alilivusha mpaka akiwa amelibeba kichwani, kwa maana ya kulikumbuka tu. Tukimpa umbo bila mivunjiko yake, tumempa nusu.

Nawaomba basi ndugu zangu wanaopanga meza, na wenzetu wa mashirika wanaochapisha vile vikaratasi, mtupe mistari mitatu badala ya mmoja. Wa kwanza: kitu hiki kwao kinaitwaje na kilitumika kufanya nini. Wa pili: aliyekitengeneza hapa alifundishwa na nani, au alikumbuka kutoka wapi. Wa tatu: nini kimebadilika na kwa nini, nyuzi gani, mti gani, sehemu gani hakuikumbuka akaitunga mwenyewe. Na nyuzi ya mfuko ibaki nje, ionekane, hata kama herufi za mfuko bado zinasomeka. Wageni nao, badala ya kuuliza kama ni cha asili, waulize mstari wa tatu. Hapo ndipo mtengenezaji atainua macho, kwa sababu hilo ni swali ambalo jibu lake analo yeye peke yake.

Wazee wanaosema "siyo yenyewe" wana haki yao. Nao wasiishie hapo. Waseme ni wapi siyo yenyewe: mdomo ulikuwa mpana zaidi? Mguu ulikuwa mmoja au mitatu? Nakshi hii ilikaa wapi? Wakisema, iandikwe. Chombo cha Windsor hakikupata mtu wa kukiandikia hayo ubavuni. Vyetu bado wenyewe wapo hai, na kalamu ipo.